Nimepasuliwa pua na sainasi, lini nirudi kwenye baskeli?

Mpanda Vilima: Asalaam alaykum wenzangu. Nipo Chake, Pemba, na baskeli ndiyo pumzi yangu. Nimepasuliwa sainasi, vile vishimo vya hewa vilivyo kandokando ya pua, huko Dar, na ule ukuta wa kati wa pua uliopinda umenyooshwa. Alhamdulillah naendelea vizuri. Waliopitia haya, mlirudi barabarani lini? Ijumaa tuna safari ya Konde, sitaki kuikosa. Nina wasiwasi kidogo.

Fundi Spoku: Pole sheikh. Hiyo baskeli ina gia ngapi? Vilima vya njia ya Wete kwa gia moja, hata mwenye pua nzima atatoka damu.

Mama Nassir: Pole mwanangu. Mume wangu aliambiwa asipenge, chafya aipige mdomo wazi, alale kichwa juu. Kuinama na kubeba vizito marufuku wiki mbili. Hazijesha, namkuta juu ya mnazi anaangua madafu! Sikumsemesha mpaka Ijumaa. Wanaume nyie!

Mchelewa Boti: Dondosha mafuta ya habbasoda, utanishukuru.

Zamu ya Usiku: Asidondoshe kitu ambacho daktari hakumwandikia. Asafishe kwa maji ya chumvi alivyoelekezwa, maji yachemshwe yapoe, si ya bomba moja kwa moja. Mleta uzi, umepasuliwa lini? Vile vipande vya plastiki vya kushikilia ukuta wa pua vimeshatolewa?

Mpanda Vilima: Jumamosi iliyopita. Vinatolewa Alkhamisi.

Zamu ya Usiku: Na baskeli hujaigusa?

Mpanda Vilima: Jana nilikwenda Gombani mara moja tu, njia tambarare. Usiku damu ikatoka, nikabana pua ikakata. Lakini nilikwenda polepole, navuta pumzi kwa mdomo. Na mchango wa safari nishatoa, haurudishwi.

Zamu ya Usiku: Ukijikaza presha inapanda, vidonda vibichi vinafunguka. Daktari aliyekupasua ajue leo, si Alkhamisi. Aspirini na ibuprofeni usiguse bila ruhusa yake. Damu ikirudi, kaa, inamia mbele, bana sehemu laini ya pua dakika 15. Isipokata, hospitali. Macho yakiona vibaya, au puani yakichuruzika maji meupe kama ya kisima, usingoje kuche.

Kipanga: Mtu wa Chake anasema njia tambarare? Pemba hii? Huyu yuko Unguja anatuchezea. Tena Ramadhani alileta uzi kauza baskeli alipe mahari!

Mpanda Vilima: Niliuza ile kuukuu. Na mahari yangu yanakuhusu nini?

Mama Nassir: Kumbe umeoa! Mkeo anajua ulitoka jana?

Fundi Spoku: Ile kuukuu uliuza kwa nani? Mie natafuta fremu.

Kipanga: Ngojeni. Plastiki zinatolewa Dar Alkhamisi, Ijumaa uko njiani Konde. Boti gani hiyo?

Mpanda Vilima: Narudi kwa ndege.

Zamu ya Usiku: Ndege nayo umeruhusiwa?