Dereva wa basi yumo kwenye picha ya walimu, mimi simo!

Wakuu, nimevurugwa. Ndiyo kwanza nimeshuka kwenye basi, niko hapa mlangoni, kiatu kimoja bado kiko mguuni.

Mnamjua. Bosi wangu hapa shuleni, yule yule wa kisa cha kiyoyozi. Sina haja ya kumtaja.

Mitihani imeisha, asubuhi ya leo ndiyo naambiwa walimu wote tunakwenda Seoraksan, mlima wa huku Korea Kusini. Asubuhi! Wenzangu wametinga mavazi ya mlimani kuanzia kofia hadi soksi, fimbo mbilimbili, yeye utadhani anakwenda Everest. Mimi na moka zangu. Kilele ni mita 1,708, na hata huko hatukukanyaga, tulipandishwa kwa kebo mpaka Gwongeumseong tu.

Kwenye basi akashika maikrofoni: huyu mwenzetu mlima huu ni mchezo kwake, amezaliwa Kilimanjaro. Nimezaliwa Temeke! Nikameza.

Sasa kule juu wanakunjua bango la shule. Nikajibana pembeni ya mwalimu wa hesabu, ngumi nimeshakunja kama wao. Akaja. Akanipa simu. MIMI. Wapanda mlima wamejaa pale, mpaka mabibi wa miaka themanini, akanipa mimi. Narudi nyuma ili bango lote liingie, namwona dereva wa basi mstari wa mbele. DEREVA! Kashika kona ya bango! Wote "kimchiii!", mimi nabonyeza.

Nikasema basi tumwombe mpita njia atupige nyingine na mimi niwemo. Akatazama saa: twendeni, samaki wanasubiri. Samaki wenyewe wako bandarini Sokcho, wanaogelea kwenye tangi, haraka wanaitoa wapi?

Mezani nikammiminia kwa mikono miwili, nikageuza uso pembeni wakati wa kunywa, adabu zao zote nikazionyesha. Sasa hivi picha imeingia KakaoTalk, WhatsApp ya huku. Dereva kafumba jicho moja, lakini yumo.

Kinyesi cha Tembo: Hii chai. Mpango wa shule za serikali huko unachukua walimu wa Kiingereza wa nchi 7 tu, Tanzania haimo.

Mleta uzi: Pasipoti ya Kanada, mkuu. Mdomo wa Temeke.

Fundi Saa: Hukukata watu vichwa? Picha ikitoka vizuri, mwakani ni wewe tena.

Mama Chanja: Tupia picha tumwone dereva.

Mleta uzi: Mnacheka. Dereva kawajua hao watu tangu saa mbili asubuhi!

Dada wa Daegu: Afadhali wewe umeona mlima. Kwetu kila Jumatano ni voliboli ya walimu. Kazi yangu kuokota mpira. Hata makamu akipiga nje kwa makusudi, naufuata mpaka kwenye maegesho.

Niko Muscat: Wote mnadeka. Huku Oman bosi alitupeleka Wadi Shab, bonde lenye maji, mwezi wa 7, joto la kukaanga yai, maji ya kunywa kayaacha kwenye gari lake. Na gari lake lilikuwa upande wa pili wa maji.

Mzee wa Moro: Shuleni kwetu tulichangishwa elfu hamsini kwenda Mikumi. Tembo tulimwona mgongo, na pilau halikuwa na nyama.

Mama Chanja: Halikuwa na nyama kabisa au ilikuwa chini?

Mzee wa Moro: Nimechimbua mpaka sahani ikaonyesha maua.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye picha.

Fundi Saa: Subiri kwanza. Mzee, mlikuwa watu wangapi?

Mzee wa Moro: Arobaini. Milioni mbili hiyo, ukitoa basi na kiingilio. Mweka hazina anasema alinunua mbuzi.

Niko Muscat: Mbuzi mmoja?

Mzee wa Moro: Mmoja. Na ngozi hatukuiona.

Kinyesi cha Tembo: Huyo mweka hazina namjua. Ndiye aliyekula hela yetu ya sare mwaka juzi.