Naombeni ushauri: Mama mwenye presha apande Jungfraujoch?

Wakuu, shikamooni. Mama anakuja kunitembelea hapa Zurich mwezi wa saba. Nataka nimpeleke siku moja Interlaken, mji wa milimani huku Uswisi, akaone theluji na maziwa, tukodi gari na kiongozi wa watalii wetu wenyewe.

Kiongozi anakazania Jungfraujoch, kituo cha treni juu kabisa milimani, mita 3,454 toka usawa wa bahari. Mama ana miaka 71 na presha. Kilimanjaro anauona toka Moshi tangu azaliwe, kuupanda hajawahi! Isitoshe gari halifiki kule juu, lazima treni, na nauli yake haimo kwenye bei niliyotajiwa.

Mimi nawaza tuishie Harder Kulm, kilima cha kutazamia mandhari hapo Interlaken, mita 1,322, kisha meli ya Ziwa Brienz. Aliyewahi kumpeleka mzazi alifanyaje? Na mawingu yakifunika, hawa viongozi huwa wanakubali kuahirisha?