Waliomaliza kidato cha sita kutoka kaya maskini wapelekwe Mirembe, hospitali ya akili ya Dodoma, kujifunza kazi? Tujadili

Mwana wa Mpwapwa (mleta mada)
Wadau, salaam. Binamu yangu yuko Minnesota. Anasema huko kila kiangazi vyuo huchukua wanafunzi wa familia za kipato cha chini, wakakaa wiki kadhaa wakionja kazi za afya, na zipo programu za afya ya akili peke yake: ushauri nasaha, uuguzi, ustawi wa jamii. Kula bure, kulala bure, na posho juu.

Nikawafikiria vijana wetu. Mtihani wa kidato cha sita unafanyika Mei, chuo kinafunguliwa Oktoba au Novemba. Mwenye uwezo anapelekwa kozi ya kompyuta au udereva. Wa kaya ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, anarudi shambani au anauza maji stendi. Kwa nini tusichukue hata mia mbili, wakae miezi miwili kwenye huduma za wagonjwa wa akili pale Mirembe, Muhimbili, Lutindi, waione kazi kabla hawajajaza fomu za chuo? Naomba hoja, siyo matusi.

Kiboko ya Mtaa
Mtoto wa tajiri yuko udereva, wa maskini umempeleka Mirembe. Mama yake akiulizwa sokoni atajibuje? "Mwanangu yuko Mirembe." Kabla ya magharibi watu wameshafika na pole na kilo za sukari.

Dada wa Area C
😂😂 Sisi wa Dodoma tumezoea. Ukisema unakaa Dodoma, swali la kwanza ni "umelazwa lini?"

Bwana Afya Mstaafu
Tuweke utani pembeni. Kazi gani hiyo mnayotaka waione? Wahitimu wa afya wako mitaani na vyeti vyao, wengine wanajitolea hospitalini miaka bila mshahara. Ukimshawishi mtoto wa maskini asome saikolojia, akamaliza na deni la Bodi ya Mikopo, halafu ikama ya wilaya, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, haina hata nafasi moja ya mwanasaikolojia, umemsaidia au umemwongezea mzigo? Nijibuni hilo. Halafu tuseme ukweli, hao wauguzi wa akili wenyewe wakifikisha miaka kumi kazini huwezi kumjua nesi ni yupi na mgonjwa ni yupi.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Mzee wangu shikamoo. Nilikuwa nakusoma kwa heshima mpaka sentensi ya mwisho. Nina miaka kumi na minne wodi ya akili. Mtu analetwa amefungwa kamba na ndugu zake, wamechoka, wengine wanamwacha getini na namba ya simu isiyopatikana. Wiki ya tatu mtu huyohuyo ananiuliza, "Sista, mtoto wako homa imeshuka?" Ndiye mnayemwita kichaa. Na mimi ndiye nisiyetofautishwa naye? Wewe uliyemaliza utumishi wako unachungulia vyoo vya migahawa?

Bwana Afya Mstaafu
Marahaba. Vyoo hivyo ndivyo vilivyokuokoa na kipindupindu, binti yangu. Waulize waliokuwa Dar 2015.

Kiboko ya Mtaa
Bwana afya wa kwetu alikuwa anakula chipsi kavu bure kibanda hiki, anaenda kufunga kibanda kile.

Dada wa Area C
Acha kabisa. Mimi nimepika mama ntilie miaka sita. Akitokea kona ile na faili lake kwapani, tunaanza kufunika masufuria hata yasiyo na chakula.

Bwana Afya Mstaafu
Na kwa nini yalikuwa wazi?

Dada wa Area C
Mzee, shikamoo tena.

Mtoto wa Kisauni
Jamani, twatoka wagonjwa wa akili twaingia vyooni. Kwetu Kenya jambo hili liko, ila kwa njia nyingine. Kuna Shamiri, ilianzishwa na kijana Mkenya, Tom Osborn. Wao huchukua vijana wa miaka 18 hadi 22 waliomaliza sekondari, huwafunza, kisha huenda mashuleni kuketi na wanafunzi makundi makundi. Vikao vinne, saa moja moja. Utafiti wao ulichapishwa 2021, na dalili za sonona na wasiwasi zilipungua. Si madaktari hao, na hawakupelekwa Mathari, hospitali yetu ya akili ya Nairobi, kwanza watishike.

Kiboko ya Mtaa
Wakenya kila kitu mmeanza nyie. Hata Kilimanjaro.

Mtoto wa Kisauni
Bakini na mlima wenu. Mimi nimesema vijana.

Mlokole wa Kimara
Kuna ile ya Zambia, mabibi wanakaa kwenye benchi wanasikiliza watu. Bibi anatosha. Tena mengine ni mapepo, tusidanganyane.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Ni Zimbabwe. Aliyeanzisha ni daktari bingwa wa akili, Dixon Chibanda, tangu 2006, na wale bibi walifundishwa kwanza, hawakuokotwa barabarani. Kuhusu mapepo, omba mpaka asubuhi, sina ugomvi. Ila mgonjwa asiambiwe atupe vidonge. Akivitupa anarudi kwangu, saa tisa usiku, na kamba zilezile.

Mlokole wa Kimara
Sijamwambia mtu atupe vidonge mimi.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Sijakutaja. Umejishuku mwenyewe.

Wakili wa Kijiweni
Napita tu. Hao vijana watakutana na mtu aliyejaribu kujiua. Kanuni yetu ya Adhabu, kifungu cha 217 nilivyokisoma mimi, inasema hilo ni kosa la jinai. Kenya Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu chao Januari 2025. Sasa dogo wa miaka kumi na tisa akisimuliwa siri ya namna hiyo afanyeje? Asikilize au aite polisi?

Kiboko ya Mtaa
Wakili wa kijiweni, kahawa unalipa lini?

Mwana wa Mpwapwa (mleta mada)
Naona uzi umeniponyoka. Sikusema lazima iwe Mirembe. Lutindi kule Korogwe ipo tangu Wajerumani, kwanza palikuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, ndipo pakawa pa wagonjwa wa akili. Wagonjwa wanalima, wana kazi za mikono. Mtoto aliyelelewa na jembe atapaelewa pale kuliko mtoto wa Masaki. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu.

Bwana Afya Mstaafu
Hoja yako mwanzo ilikuwa ajira. Sasa imekuwa kilimo. Na lile la ikama sijajibiwa.

Dada wa Area C
Na wengine miezi hiyo wako JKT, mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa. Utawagawa?

Mwana wa Mpwapwa (mleta mada)
Waliopo JKT wamalize, waje wiki nne. Tatizo ni nauli. SGR Dar mpaka Dodoma ni 31,000 treni ya kawaida. Kwenda na kurudi 62,000, kwa vijana mia mbili ni milioni 12 na laki nne. Hiyo ni semina moja ya wakubwa, na maji ya chupa juu.

Kiboko ya Mtaa
Na wa Kigoma? Huyo naye anapanda SGR ya wapi? Mnahesabu kama kaya maskini zote ziko Pugu.

Mwana wa Mpwapwa (mleta mada)
Wa Kigoma apande basi, arudishiwe akifika.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Arudishiwe akifika? Aliyekosa hela ya kuondokea atafikaje?

Dogo PCB 26
Shikamooni wakubwa. Mimi nimemaliza mwaka huu, nyumbani tuko TASAF, niko Kasulu. Samahani, hizo nafasi zinaombwaje na mwisho wa kutuma maombi ni lini?

Dada wa Area C
Dogo, hakuna nafasi. Ni mjadala tu.

Dogo PCB 26
Sawa dada. Nimeona nauli ya Kigoma nikajua imeshapangwa.