HZJ75 iliyorefushwa: diski nyuma, au dramu zibaki?

Njiro_75
Wakuu, naomba ulinganisho. Land Cruiser HZJ75 imerefushwa, springi za nyuma zimeongezwa na gari limenyanyuka. Diski mbele, dramu nyuma. Ikishuka Seneto, barabara ya kuteremkia kreta ya Ngorongoro, na abiria saba pedali inalainika. Mwenye gari ana mawazo matatu: Toyota wamfungie breki za matoleo mapya, aweke diski nyuma, au tutengeneze zilizopo.

Pati_Moshi
La Toyota lifute. Kiwanda hakirudi kuboresha gari la zamani kwa sababu tu muundo bora umetoka. Land Rover 110 zilianza 1983 na dramu nyuma. Diski zilipokuja miaka ya 1990, wenye dramu walibaki nazo. Gari huitwa kiwandani kwa kasoro ya usalama. Mercedes A-Class ilipinduka kwenye majaribio Sweden 1997, ESP (mfumo wa kuzuia gari lisiteleze) ikafungwa bure hata kwenye zilizokwishauzwa. Prius 2010 zilibadilishiwa programu ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge). Lako halina kasoro ya aina hiyo, lina umri na uzito.

Unachoweza kupata ni pati iliyoboreshwa kimyakimya: namba ya zamani inafutwa, unauziwa mpya inayokaa palepale. Ndiyo maana dukani upeleke namba ya chesisi, usiseme "ya 75" tu.

Fundi_Sakina
Kabla ya diski, lala chini ya gari utazame valvu ya mzigo, LSPV. Iko kwenye chesisi, na fimbo yake imeshika ekseli ya nyuma. Mzigo ukiongezeka chesisi inashuka, valvu inaruhusu presha zaidi nyuma. Sasa mmenyanyua gari: fimbo imevutwa, valvu inadhani gari ni tupu hata likijaa watu, inabana presha ya nyuma. Mbele ndiko kunakobeba kazi yote. Pedi zinaungua, mafuta ya breki yanachemka, pedali inalainika, halafu dramu zinalaumiwa bure!

Rekebisha fimbo au kishikio chake mpaka pembe, gari likiwa tupu, irudi ilivyokuwa kabla ya springi. Usizidishe. Ukizidisha, magurudumu ya nyuma yatajifunga kwanza siku ya mvua na gari litageuka. Jaribu likiwa tupu, muramu kavu, mahali pa wazi, kilomita 30 kwa saa: kanyaga kwa nguvu, ya mbele ndiyo yatangulie kujifunga. Kufunga bomba moja kwa moja na kuitupa valvu, kama wengine wanavyofanya, mimi sikubali.

Kisha fungua dramu. Oili ya ekseli ikiwa imepita sili na kulowanisha viatu vya breki, badilisha sili na viatu vyote vya ekseli hiyo; kuviosha kwa petroli hakusaidii, oili imeshaingia ndani. Kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa kimeandikwa kwenye dramu yenyewe. Kaza kirekebishio mpaka viguse, kisha rudisha meno machache.

Diski_Tu
Fundi yuko sahihi kwa valvu, ila diski zina faida kweli: zinapoa haraka na zikilowa zinakauka upesi. Gharama yake haiko kwenye kalipa (kibanio cha diski) peke yake. Dramu hujisaidia kubana, diski haijisaidii, hivyo inataka presha kubwa zaidi. Kalipa pia inameza mafuta mengi kuliko silinda ya gurudumu. Masta silinda, ile inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali, ikiwa ya kipenyo kidogo itafanya pedali ishuke sana. Baadhi ya masta silinda za dramu zina valvu ya kubakiza presha kwenye bomba. Ukiiacha, diski zitaburuza na kuchemka. Na handibreki ya 75 imo ndani ya dramu, ukiitoa utafute nyingine.

Njiro_75
Kwa hiyo LSPV, sili na viatu kwanza. Mafuta ya breki je, daraja la DOT 3 au DOT 4?

Unga_Limited
DOT 4. Ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, DOT 3 ni 205. Zikishanyonya unyevu, 155 kwa 140. Zinachanganyika, ila toa yote ya zamani, na rudia kila miaka miwili. DOT 5 ni silikoni, usiiguse. Toa hewa ukianza gurudumu la mbali na masta silinda: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. LSPV ina skrubu yake, wengi wanaisahau, halafu wanarudi kulalamika pedali ni sponji. Na mwambie dereva Seneto ni gia ya chini tangu juu, siyo akifika katikati.