Mrejesho: Warsha ya usimulizi wa hadithi

Wakuu, niliuliza mwandishi ajiandae vipi kwa warsha ya usimulizi. Nimeshahudhuria, na nawashukuru kwa dhati.

Ushauri wa kusoma kazi yangu kwa sauti kabla ya kwenda ndio ulionibeba: sentensi ndefu zilinikata pumzi, nikazivunja, na wasikilizaji wakanifuata hadi mwisho. Kuanzia katikati ya tukio pia kulifaa; utangulizi niliuondoa wote na hakuna aliyeuulizia.

Kilichogoma ni kukariri. Nilipotea njiani, mwezeshaji akanielekeza nishike mfuatano wa matukio, si maneno. Hilo linaanza kukubali. Mazungumzo ya wahusika bado. Wote wanasikika kama mtu mmoja.

Uliyenishauri niende na hadithi fupi moja tu, ubarikiwe sana.