Rekodi za wanawake watatu wa Akuntsu: wazi kwa wote au chini ya ufunguo?

Mzee wa Nyaraka: Mwaka 1995 FUNAI, idara ya Brazili inayoshughulikia wenyeji wa asili, iliwafikia watu saba waliobaki wa kabila la Akuntsu eneo la Omerê, jimbo la Rondônia. Ndugu zao walishauawa kwa bunduki za wenye ranchi. Tangu kiongozi wao Konibu afariki mwaka 2016, watu wazima waliobaki ni wanawake watatu. Nasema sauti zao ziwekwe wazi. Septemba 2018 Makumbusho ya Taifa ya Rio de Janeiro yaliungua, na kanda za lugha za wenyeji zikateketea humo.

Bint Isimu: Shikamoo mzee wangu. Moto ule unadai nakala, haudai mlango wazi. Weka nakala tatu, moja mji mwingine kabisa. Kazi ngumu ni ridhaa. Intaneti utaielezaje kwa Kiakuntsu? Dole gumba kwenye fomu halitoshi. Msikilizishe mama rekodi yake, umuulize wimbo huu asikie nani, na urudie swali kwa kila wimbo. Elimu ya miti ya dawa ndiyo zaidi: Sheria 13.123 ya Brazili ya mwaka 2015 inataka ridhaa ya wenye elimu hiyo kwanza.

Mtunza Kanda: Naunga mkono, ila kufungia kabatini nako huua. Faili lisilo na jina la msemaji, tarehe na mahali halimfai mtu baada ya miaka ishirini. Rekodi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, 48 kHz, biti 24. MP3 hutupa sehemu ya sauti na hairudi. Tena piga video. Shanga zao zilikuwa za makombe, zikaja za plastiki iliyokatwa kwenye madumu ya dawa za mashambani. Bila kuonyesha mikono, neno litabaki na ufundi utapotea. Halafu kuna unukuzi, yaani kuandika kila kinachosemwa: dakika moja ya sauti hula saa nzima au zaidi, na wa kuulizwa ni walewale watatu. Ukiwachosha, wananyamaza.

Mzee wa Nyaraka: Hofu yangu ni ufunguo kubaki kwa wageni. Wajuma, kabila jingine la wenyeji, wa jimbo la Amazonas waliuawa kwa makumi mwaka 1964. Aruká, mwanamume wao wa mwisho, alipofariki kwa Uviko Februari 2021, mabinti zake watatu walibaki kuongoza, na wanajisemea wenyewe. Kwa Akuntsu anaulizwa nani?

Bint Isimu: Wao hao hao, kwa lugha yao. Sarufi ya Kiakuntsu imeandikwa tangu 2014, kwa hiyo njia ya kuwauliza ipo. Sarufi na orodha za maneno ziwe wazi leo. Nyimbo na majina ya wafu yasubiri waseme wao.