UZI: Fifthwili zenye jiko nyuma zinauzwa kama nyumba ya safari, lakini zimefungwa kama kabati la sebuleni

Wakuu mlioko Marekani na Kanada, hasa nyie madereva wa malori mnaotafuta trela la nyumba la kuzunguka na familia, fungueni macho kabla hamjasaini. Fifthwili (trela la nyumba ambalo pua yake inakaa juu ya bodi ya pikapu na kushikwa hapo kwa pini) yenye jiko nyuma kabisa inauzwa kwa picha: dirisha pana, sinki linalotazama ziwa, kaunta ya umbo la U. Muuzaji hakwambii kwamba pale yalipopangwa makabati, meko, maikrowevu na sahani zote ndipo panaporushwa kuliko mahali pengine popote ndani ya trela. Na makabati yenyewe yameshikwa kwa skrubu fupi kwenye mbao laini. Huu ni uzembe, na unalipiwa bei ya nyumba.

Hesabu ni rahisi. Chukua trela la futi 38. Tuseme kutoka kwenye pini hadi katikati ya ekseli ni mita 7, na kutoka ekseli hadi ukuta wa nyuma ni mita 3.5. Ekseli zikiinuka sentimita 5, pini imeshikwa na pikapu, haiendi popote. Sakafu iliyo katikati ya pini na ekseli inapanda sentimita 2.5. Juu ya ekseli inapanda 5. Ukuta wa nyuma unapanda 7.5, kwa muda uleule. Springi zitameza sehemu ya pigo, lakini uwiano haubadiliki: jiko linarushwa mara tatu ya sebule iliyo katikati. Hapo bado hujahesabu fremu yenyewe kupinda. Kipande kinachoning'inia nyuma ya ekseli hakina tegemeo mwishoni, kwa hiyo kila pigo kinacheza kidogo kama ncha ya fimbo ya kuvulia.

Sasa mtu akilalamika kwamba kabati la juu limeng'oka, jibu analopewa ni kwamba amepita barabara mbovu. Barabara gani hiyo? I-10 ndani ya Louisiana ni barabara kuu ya taifa, na viungo vyake vya zege vinapiga trela kwa mpigo mmoja maili baada ya maili. Njia ya kwenda Alaska, kipande cha Yukon, ina mawimbi kwa sababu ardhi ya chini ina barafu inayoyeyuka na kuganda. Hizo ndizo njia zinazochorwa kwenye matangazo yao. Kama chombo hakiwezi kupita huko, kisitangazwe kwa ajili ya huko.

Na uzito nao una hila yake. Kibandiko cha uwezo wa mzigo kilichopo karibu na mlango kinakwambia jumla tu ya kilo unazoruhusiwa kupakia. Hakikwambii uzipakie wapi. Kwa vipimo vya hapo juu, kilo 100 za mchele, makopo na sufuria ukizipanga kwenye ukuta wa nyuma zinapunguza kilo 50 kwenye pini na kuzipa ekseli kilo 150. Ndiyo, 150, zaidi ya ulichopakia, kwa sababu ni wenzo. Ongeza tangi la maji machafu ya jikoni, ambalo kwenye trela nyingi za mpangilio huu liko hukohuko nyuma: galoni 40 zikijaa ni kilo 150 hivi. Pini ya fifthwili inatakiwa kubeba kati ya asilimia 20 na 25 ya uzito wa trela zima. Anayesafiri na tangi limejaa na stoo imejaa anaivua pini uzito na kuzikandamiza tairi, halafu anashangaa zinapasuka. Tairi ya ST235/80R16 (ST ni tairi maalumu za trela) ya daraja E inabeba pauni 3,400 hadi 3,500 hivi, kutegemea chapa, ikiwa na upepo wa psi 80. Haina huruma ya ziada.

Chini ya trela ndiko kunakoudhi zaidi. Fifthwili nyingi zinatoka kiwandani zikiwa na springi za bapa bila shokapu hata moja. Hakuna kinachozima mruko. Springi inarusha, inarudi, inarusha tena. Bushi za springi ni za plastiki. Zikiisha, bolti inasaga chuma kwa chuma na tundu la kiungo linakuwa la mviringo wa yai. Mkipata trela la namna hiyo, kazi ya kwanza si kubandika makabati, ni kutengeneza chini: bushi za shaba, bolti zenye tundu la grisi, viungo vya chuma cha inchi 1/2 badala ya vyembamba vilivyokuja na trela, na kipande cha kusawazisha cha katikati chenye mpira ndani. Kisha shokapu, moja kwa kila gurudumu. Boksi ya pini yenye mpira inasaidia sana mshtuko wa mbele na nyuma kati ya pikapu na trela, lakini msiuziwe kama dawa ya jiko. Jiko linaumizwa na mruko wa juu na chini, na huo unazimwa kwenye ekseli.

Trela lisafiri likiwa sawa na ardhi. Pikapu za 4x4 zilizo juu zinainua pua ya trela, na pua ikiinuka ekseli ya nyuma ya trela inabeba zaidi. Pima kwa futi kamba, mbele na nyuma ya fremu, trela likiwa limefungwa kwenye pikapu, sehemu tambarare.

Humo ndani, maikrowevu ya juu ya meko ndiyo ya kwanza kukaguliwa. Inashikwa na bati la ukutani na bolti mbili zinazopita kwenye kabati la juu. Kama lile kabati sakafu yake ni ubao mwembamba wa unga wa mbao, bolti zitautafuna. Weka plaiwudi ya inchi 1/2 ndani ya kabati, toboa, funga kwa washa pana. Bati la ukutani lazima lishike nguzo, si plaiwudi nyembamba ya ukuta. Nguzo za alumini sumaku haizishiki, lakini inashika vichwa vya skrubu zilizoshikilia ukuta, na hapo utafuata mstari. Kwenye alumini nyembamba skrubu ya mbao haifai kitu; tumia nati za ribiti. Kwa kabati lenye tundu lililolegea, usirudishe skrubu ileile na gundi juu. Toboa tundu pana, pigilia kijiti cha mbao ngumu chenye gundi, acha kikauke usiku mzima, kisha funga upya kwa skrubu ndefu zaidi.

Friji la nyumbani la milango miwili linaweza kufika kilo 100. Likishikwa na skrubu za mbele tu, linazing'oa polepole. Likitembea sentimita moja, bomba jembamba la maji ya barafu linavutwa kwenye kiungo chake, na maji yanaingia chini ya sakafu, juu ya lile shuka la plastiki linalofunika tumbo la trela. Huko hayaonekani mpaka sakafu iwe laini. Shuka likianza kuvimba na kuning'inia, toboa tundu dogo uyamwage, kisha tafuta chanzo.

Wenye ujuzi ongezeni, na wanaouza hizi trela wakiwa humu, jibuni hili la shokapu.

#2 — FundiChesisi

Mkuu, umegonga penyewe. Naongeza kuhusu fremu, kwa sababu wengi wanarekebisha makabati huku fremu inaendelea kupinda. Kabla ya kununua, simama nje upande wa nyuma na uangalie kona za dirisha la jikoni. Nyufa za mshazari kwenye ukuta, silikoni iliyochanika upya juu ya iliyowahi kupakwa, au mkanda wa kona uliotanuka: hiyo ni fremu inayocheza. Ingia ndani, tazama nafasi kati ya kaunta na ukuta wa nyuma. Mtu mmoja apandishe jeki za mbele polepole, mwingine atazame nafasi hiyo na ukingo wa chumba kinachochomoza. Nafasi ikifunguka na kufunga, ondoka. Dirisha lile pana unalolipenda limeondoa nguzo kwenye ukuta uliotakiwa kusaidia.

Na tafadhali, msifunge kiungo cha kubebea mizigo nyuma ya trela mkabeba pikipiki. Bampa lile la bomba la mraba ni la kuhifadhia bomba la maji machafu. Ukuta wa chuma chake ni mwembamba, na kilo zozote za pale zinaongeza wenzo uleule.

#3 — Mama Njia

Ndugu zangu, gesi msiisahau. Funga valvu ya mtungi kabla ya kuondoka. Baada ya njia mbaya, fungua na upake povu la sabuni kwenye kila kiungo nyuma ya meko kabla ya kuwasha. Chini ya sinki, nati za plastiki za lile bomba la maji machafu lililopinda kama U zinalegea zenyewe. Zikaze kwa mkono tu, spana inazipasua. Zima pampu ya maji kila mnapoondoka, ili kiungo kikiachia njiani lisimwagike tangi zima. Kifuniko cha kioo cha meko kiwekewe sponji chini, na vyuma vya kukalia sufuria vitolewe kabisa.

#4 — KingPini40

Mimi sikubaliani kuanza na shokapu. Anza na mizani. Vituo vya malori vyenye mizani ya CAT (mizani ya kulipia ya kupimia magari) viko kila mahali na sisi wa malori tunavijua. Panda mara mbili: pikapu na trela pamoja, kisha pikapu peke yake. Tofauti ya uzito wa pikapu ndiyo uzito wa pini. Ukikuta ni asilimia 17 ya uzito wa trela, hamisha makopo, unga na vyombo vizito kwenye stoo ya mbele, jikoni bakiza vikombe na vitu vyepesi, mwaga tangi, pima tena. Hilo halina gharama ya fundi.

#5 — mwanzisha uzi

@KingPini40 mizani nakubali, ianze. Lakini ukishahamisha mzigo wote bado friji, meko na kaunta viko kulekule, na springi bado zinarusha. Na mwendo: tairi za ST zisizo na alama ya mwendo mwisho wake ni maili 65 kwa saa. Kwenye zege lenye viungo, trela likianza kudunda kwa mpigo, shuka hadi 58. Mpigo ukikoma, baki hapo.